Sekunde Mbili Nilizozikata

Jumatano, Stechford. Mvua haijakatika tangu Jumatatu, ile mvua nyembamba ya Birmingham isiyo na sauti, unakuja kugundua umelowa ukiwa umeshafika kazini. Mwili umechoka, lakini kichwa changu leo kiko wazi kuliko kilivyokuwa mwezi mzima. Nimekunywa chai ya maziwa vikombe viwili na nimeamua kuandika yote, bila kujipendelea.

Tumepoteza mechi nane mfululizo.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: mimi ni Jaspal, mzaliwa wa Nakuru, kocha msaidizi wa timu ya kulipwa ya magongo ya barafuni hapa mjini. Ndiyo, Kalasinga juu ya barafu. Cheka tu, nimezoea. Jina la timu silitaji, limeshatukanwa vya kutosha wiki hii. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayokasirikia ndani yake, na kwa sababu hakuna mtu katika timu anayenisoma. Au ndivyo nilivyodhani.

Nianze na kosa lenyewe.

Baba yangu alicheza magongo ya nyasi Nakuru kwa miaka mingi, beki asiyepitika. Mimi alinifundisha uani kwetu, jinsi ya kuziba njia: unapiga goti moja, unalaza gongo chini kama kizingiti cha mlango, na mpira haupiti. Nilikuwa na miaka minane na niliamini hakuna kitu duniani kizuri kuliko hicho. Nilipofika Birmingham nikiwa na miaka kumi na sita, shule ilitupeleka siku moja kwenye uwanja wa barafu. Nilianguka mpaka suruali ikachanika, na tangu siku hiyo sijatoka. Nilicheza ligi ya chini miaka kumi na miwili, kisha nikawa kocha. Lakini goti lile la Nakuru niliendelea kulibeba.

Mwezi wa nane, kocha wetu mkuu, Wade, Mkanada wa maneno machache, alinikabidhi mabeki wote. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kuonekana. Nikawafundisha kulala. Mshambuliaji akiinua gongo kupiga, beki anajitupa ubavu, mwili na gongo vimenyooka, na njia yote imezibwa. Mwanzoni ilifanya kazi ajabu. Kisahani, yaani kile kidude cheusi cha mpira mgumu tunachokigombania, kilikuwa kinagonga miili na kurudi kilikotoka. Tulishinda mechi tatu za kwanza. Vijana wakaupa mtindo ule jina langu, wakawa wanapigiana kelele katikati ya mchezo, "Jas! Jas!", maana yake lala chini upesi. Nami nilisimama benchini kichwa kimevimba, najiona nimeleta kitu kipya Uingereza.

Wapinzani si wajinga. Nao wana video kama sisi. Waligundua kwamba wakiinua gongo wakasubiri kidogo tu bila kupiga, beki wetu atakuwa ameshalala. Wanampita polepole kama mtu anayeruka kidimbwi cha maji. Kipa wetu anabaki peke yake mbele ya watu wawili, na mtu wa pili ndiye anayefunga.

Kipa wetu anaitwa Marek, Mslovakia wa miaka thelathini na mitatu, mrefu, mpole mpaka unaudhika. Ana mke na binti mmoja, wanakaa Great Barr, na mwaka huu ndio wa sita yuko na sisi. Hajawahi kumlaumu beki hata mmoja kwa bao. Akifungwa anakunywa maji, anapiga nguzo za goli mara mbili kwa gongo lake, anarudi kuinama.

Sasa nifike pale ninapoona haya.

Pamoja na mabeki, kazi yangu nyingine ni video. Kila baada ya mechi nakata vipande vya mabao tuliyofungwa, timu nzima inavitazama, Wade anaamua. Wade anapenda vipande vifupi, hana subira. Kwa hiyo nilizoea kuanza kila kipande pale kisahani kinapoondoka kwenye gongo la mpigaji. Wakati huo beki wetu ameshalala na ameshateleza nje ya picha. Kinachoonekana ni Marek tu, amechelewa, mkono wa kushoto uko hewani, bao. Kipande baada ya kipande, Marek na mkono wake wa kushoto. Mtu yeyote angesema kipa amekwisha.

Je, nilikusudia? Mara ya kwanza hapana, naapa. Mara ya pili pia hapana. Lakini baada ya kupoteza mechi ya tatu, nikiwa mezani kwangu na kompyuta, kidole kilirudisha picha nyuma kupita nilivyotaka. Nikamwona nahodha wetu, Liam, amelala chali mbali kabisa na mchezo, anatazama taa za dari. Nikarudisha kipande kingine nyuma. Beki mwingine chini. Kingine tena. Katika kila bao kulikuwa na mtu mmoja anayefanya nilichomfundisha, tena anakifanya vizuri.

Nilijua. Nikatuma vile vifupi.

Ni sekunde mbili tu nilizokuwa nakata. Ningesema ukweli siku ile, ningeaibika asubuhi moja na mambo yangeisha. Badala yake nilijitia hamnazo kwa wiki tatu. Nilijiambia mabeki watazoea kusubiri, nitawarekebisha kimyakimya, hakuna haja ya kusumbua watu. Uongo. Nilikuwa naogopa kuvuliwa jina langu.

Jumapili tulifungwa mechi ya nane. Jumatatu Wade aliniita ofisini kwake na kufunga mlango. Alisema Ijumaa atamwambia Marek aondoke. Kipa mwingine ameshapatikana. "Sikutaka kuamini," alisema, "lakini vipande vyako havidanganyi." Nikasema sawa. Neno moja, sawa, na nikatoka kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwenye korido nikakutana na Marek. Hakujua lolote. Alinishika bega akaniomba nimtumie tena vipande vyote, tangu mwanzo, kwa sababu anataka kuelewa mkono wake wa kushoto una nini. Aliniambia anakuja uwanjani saa nzima kabla ya wenzake kuufanyia mazoezi. Kisha akanishukuru. Jamani, alinishukuru.

Niliandika mistari michache hapa usiku wa Jumapili iliyotangulia, mnaonisoma mtakumbuka. Nilisema nina wasiwasi kwamba kipa wetu anabebeshwa mzigo wa mtu mwingine. Sikusema ni wa nani. Niliona nimekuwa mkweli sana, nikalala vizuri.

Jana asubuhi nilipita chumba cha kufulia kuchukua fulana za mazoezi. Anayefua nguo za timu ni Mama Furaha, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mtu wa kanisa, mcheshi, anayewaita wachezaji wote "bana yangu", yaani wanangu, hata wale wenye ndevu. Tumefahamiana miaka miwili na tumekuwa tukisalimiana kwa Kiswahili, chake na changu, bila shida. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba Mama Furaha anafungua intaneti kusoma mambo ya watu. Hilo ni kosa langu na dharau yangu.

Hakunipa fulana. Alizishika kifuani.

"Kocha, nilisomaka ile kitu uliandika," akasema. "Ulisema gardien haiko na makosa. Wanamubebesha tu."

Gardien ndiye kipa. Nikasema ndiyo, niliandika.

"Na yeye ulimwambia?"

"Bado, Mama."

"Patron yenu, ile Wade, ulimwambia?"

"Bado."

Mashine nyuma yake inazunguka, soksi zinapita kwenye kioo.

"Sasa ulikuwa unaambia nani? Miye? Miye niko nafula tu ma-maillot."

Akanipa fulana, zile ma-maillot zake. Hakukasirika, ndiyo maana iliniuma. Nilizibeba mpaka kwenye barafu.

Jioni nilimpigia Baba. Anakaa na dada yangu, ana miaka sabini na tisa, na anatazama mechi zetu zote kwenye kompyuta ya mjukuu wake. Hajawahi kutoa maoni hata mara moja, nami nilidhani ni uzee. Nikamweleza yote, mpaka sekunde zile mbili. Baba huchanganya Kipunjabi, Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja na huwezi kujua kipi kitafuata.

"Mimi niliona from day one," akasema. "Kwa nyasi ukilala, unabaki hapo hapo. Kwa barafu ukilala, wewe uko safarini."

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Wewe ndio kocha, beta, mtoto wangu. Uliniuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilichukua goti lake, nikalipa jina langu, na sikumuuliza mwenyewe kama litafanya kazi mahali ambapo sakafu inateleza. Kisha akaniuliza yule kipa ana watoto wangapi. Nikamwambia mmoja. Akasema haya, akakata simu.

Nilikaa na kompyuta kabla ya chakula na kuvikata vipande vyote upya. Safari hii nilianza pale shambulio linapoanza, sio pale linapoishia. Haikuchukua hata saa moja. Wiki tatu nimeibeba kazi ya saa moja.

Swali lililobaki lilikuwa nimwambie Wade ofisini, mlango umefungwa, au mbele ya timu. Ofisini ingekuwa rahisi zaidi. Lakini Marek alishushwa mbele ya wenzake wote, kila wiki, kwenye ukuta mweupe, kwa mkono wangu. Nikapiga moyo konde.

Leo saa nne asubuhi timu nzima iliketi kwenye viti vya plastiki, Wade amesimama nyuma kabisa amekunja mikono. Nikasema kabla ya kuanza kuna jambo. Nikasema vipande mlivyokuwa mnatazama nilivikata mimi vibaya, na kwa wiki tatu nilijua ni vibaya. Kisha nikawasha.

Bao la kwanza. Mshambuliaji anainua gongo, anasubiri, beki wetu anajitupa, anateleza mpaka kwenye ubao wa ukingo wa uwanja. Marek yuko peke yake na watu wawili. Bao la pili, vilevile. La tatu, vilevile. Mwanzoni kulikuwa na watu wanaonong'ona. Kufikia la sita Liam alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasimamisha picha nikamwambia Liam ainue kichwa, kwa sababu alifanya nilichomwagiza. Nikawaambia wote: kulala ni wazo langu, ni baya, na aliyelipia ni Marek.

Sikumtazama Marek. Hapo nikiri nilikuwa mwoga.

Wade aliuliza kitu kimoja. "Tangu lini?"

"Tangu mechi ya tatu tuliyopoteza."

Nikangoja matusi. Wade hakutukana. Alikuja mbele, akachukua rimoti mkononi mwangu, akarudisha bao la sita, akalitazama tena peke yake mbele ya wote. Akasema naye ana macho, angeweza kuuliza beki yuko wapi, na hakuuliza kwa sababu kumlaumu kipa ni rahisi kuliko kuwalaumu watu watano. Sikutegemea kusikia hivyo kutoka kwake. Kisha akatoa hukumu. Marek atacheza Jumamosi. Yule kipa mwingine bado anakuja wiki ijayo, kwa hiyo Marek ana mechi moja ya kuonyesha, wala si zaidi. Mimi Jumamosi siketi benchini, nitakaa juu na watazamaji kama mtu aliyenunua tiketi. Baada ya hapo ataona kama bado anataka kunisikia. Lakini mazoezi ya leo, kesho na Ijumaa ni yangu.

"Uliwalaza wewe," akasema. "Wasimamishe."



Mchana niliingia kwenye barafu nikawanyang'anya mabeki magongo yao yote. Nikayarundika benchini. Kila mmoja alizuie shambulio kwa kifua, kwa miguu na kwa macho tu, bila kitu mkononi, na atakayegusa barafu kwa goti azunguke uwanja mara mbili. Wakalalamika kweli kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa mshambuliaji. Niliinua gongo, nikasubiri, na Liam akalala. Nikampita. Akazunguka mara mbili, akarudi, nikainua gongo, akalala tena. Mwili haujui kwamba mkutano umeshafanyika. Mara ya tano nilimwona akianza kukunja goti, akasita, akabaki amesimama anatetemeka mapaja kwa kujizuia, macho kwenye kifua changu. Sikuwa na pa kupita. Nikapiga kisahani pembeni na wenzake wakagonga ubao kwa mikono kumshangilia.

Kwa saa mbili sikufikiri juu ya jina langu hata mara moja. Ilikuwa raha.

Nusu saa ya mwisho niliwarudishia magongo. Katika robo saa ya mwisho wawili tu walilala. Hiyo si timu iliyopona. Ni timu iliyoanza kusimama. Jumamosi tunaweza kufungwa tena, na tukifungwa itakuwa mbele ya watu wetu, Marek ataondoka, na huenda nami nitamfuata. Sijifariji na habari za uongo. Ila kama tutafungwa, safari hii tutafungwa tukiwa wima, na kila mtu ataona bao lilivyotokea.

Mama Furaha, kwa kuwa unasoma: nimewaambia. Wote.

Marek hakunisemesha mazoezi yote. Alikaa golini akifanya kazi yake, akinywa maji, akigonga nguzo. Baadaye, wenzake wakiwa wameshatoka, aliteleza taratibu mpaka nilipokuwa naokota visahani. Alivua kofia yake ya kipa. Uso mwekundu, nywele zimeganda kwa jasho.

Akaniambia kwamba wiki iliyopita alimwambia mkewe kwamba yeye mwenyewe amezeeka. Alimwambia mkono umekufa, waanze kufikiria maisha mengine, na binti yake aliyasikia hayo kutoka kwenye ngazi.

Nikasema samahani. Neno lilitoka dogo kuliko nilivyotaka, nikalirudia, na la pili nalo lilikuwa dogo.

Hakusema ni sawa. Nashukuru hakusema. Alitazama kisahani kilichokuwa mkononi mwangu, akavaa kofia yake, kisha akasema tatizo jipya ni kwamba sasa mkono umeharibika kweli. Wiki tatu amekuwa akiurekebisha mkono mzima usio na kosa, akiupeleka juu mapema, akiufikiria, na kipa anayeufikiria mkono wake ameshafungwa. Atahitaji mtu wa kumpigia, mamia ya mapigo, mpaka asahau. Makipa wenzake wana shughuli zao.

"Kesho saa moja asubuhi," akasema. "Utakuja?"

Nikasema nitakuja.

"Na Ijumaa?"

Na Ijumaa.

Akaondoka. Sijui kama nimesamehewa, na nimeamua sitauliza. Hilo ni lake, atalitoa akitaka, au hatalitoa. Langu ni kuwa pale kabla yake, barafu ikiwa bado safi, visahani mia vimepangwa, na kumpigia kushoto. Nimpigie chini, katikati, juu, pale pale pembeni ya sikio lake, bila kuzungumza, mpaka mkono ule uache kuniogopa mimi.